Ng'ombe au pundamilia, nguruwe au mtu? Kutambua mataya na magego yanayookotwa kwenye changarawe za mto

Mchanga unaojenga Nairobi kwa sehemu kubwa hautoki Nairobi. Malori huuleta kutoka mito ya Machakos, Makueni na Kajiado, na ukishachekechwa pale mjengoni, kinachobaki juu ya wavu si mawe matupu. Kuna vipande vya mifupa, kuna meno, na siku nyingine kuna nusu nzima ya taya yenye magego yaliyokaa sawasawa mahali pake. Wengine huokota vitu hivyo kwenye kingo za Mbagathi au Athi, maji ya masika yakishapungua. Kisha picha inaingia kwenye kikundi cha WhatsApp na majibu yanamiminika: simba, farasi wa mkoloni, daynosaria.

Daynosaria tumwondoe mapema. Walitoweka takriban miaka milioni 66 iliyopita, na mawe ya volkano yaliyo chini ya Nairobi ni machanga mno kuwahifadhi. Mawe ya Machakos yana kasoro ya upande wa pili: ni ya kale kupita kiasi, tena yamegeuzwa na joto na mgandamizo wa chini ya ardhi. Visukuku vya daynosaria, yaani mabaki yao yaliyogeuka jiwe, vipo Kenya, lakini ni vya huko Turkana. Kinachoshuka na mito yetu ni mamalia, na mamalia hutambulika kwa meno.

Nitaweka wanyama wawili wawili au watatu ubavu kwa ubavu, wale wanaochanganywa sana, ili ukiwa na jino mkononi uweze kuchagua. Shauri langu kuu ni hili: geuza jino utazame uso wa kutafunia kabla hujajali kitu kingine chochote. Gego la mnyama mla majani limejengwa kwa vitu vya ugumu tofauti, yaani enameli, dentini iliyo laini kuliko enameli, na mara nyingi saruji ya jino inayojaza mianya. Mnyama akitafuna, dentini na saruji huliwa haraka, enameli ikabaki imesimama katika kingo nyembamba unazoweza kuzihisi kwa ukucha. Kingo hizo huchora umbo, na kila jamii ya wanyama ina umbo lake. Umbo hilo halibadiliki kwa sababu jino limelala kwenye matope au limepigwa jua.

Kisukuku au kichwa cha supu?

Dagoretti, Kiamaiko, Kiserian, Athi River: ng'ombe na mbuzi huchinjwa kila siku jijini na viungani, na mifupa mingi haikawii kufika kwenye maji. Ndiyo maana kanuni yangu ya kwanza haina mvuto wowote. Dhani ni ng'ombe au mbuzi wa miaka ya karibuni, halafu ngoja jino lenyewe likukatalie.

Alama za buchani ni rahisi kuziona. Kichwa cha supu hupasuliwa kwa shoka au msumeno, kwa hiyo mfupa hubaki na mkato ulionyooka wenye kona kali. Maji na mawe hayakati namna hiyo. Hulainisha kingo na kuviringisha kona. Taya lenye mistari ya msumeno halihitaji mjadala zaidi.

Rangi ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo watu huanza nayo. Mfupa mweusi tititi huenda umeingiwa na madini ya manganizi kwa maelfu ya miaka, na huenda pia umelala kwenye matope ya mto wa mjini kwa misimu michache tu. Uzito unasaidia zaidi. Madini yakishajaza vitundu vya mfupa, kipande kinakuwa kizito kuliko mkono ulivyotarajia, na ukikigonga kwa kijiwe kinalia kwa ukali. Lakini pima hilo kwenye mfupa wa taya, si kwenye gego, kwa sababu gego ni zito hata likiwa la juzi.

Lipo pia jaribio la sindano ya moto. Ncha ikigusishwa mahali palipovunjika, mfupa ambao bado una protini hutoa harufu ya nywele zinazoungua; uliogeuka jiwe haunuki. Kama lazima ulifanye, tumia kipande kisichokuwa na thamani na usiguse jino kamwe. Mimi silipendi sana. Linaacha kovu, na mfupa wa miaka elfu kadhaa unaweza bado kunuka, ukautupa ukidhani ni wa jana.

Halafu kumbuka kwamba mto ni mchanganyaji. Hubomoa ukingo wa zamani huku, hubeba mzoga wa mwaka jana kule, na kuvilaza pamoja penye kona. Ndani ya karai moja la changarawe panaweza kukaa gego la mbuzi wa Krismasi na gego la mnyama aliyekufa miaka laki tano iliyopita. Kuokotwa pamoja si kuishi pamoja, kwa hiyo kila kipande kihukumiwe peke yake.

Ng'ombe na pundamilia

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, na ndipo nitakapokaa zaidi. Wanyama hawa wanakaribiana kwa ukubwa, wote hula nyasi, na pundamilia hawajatoka katika nyanda za Athi na Kapiti hadi leo. Mtu akishika taya refu lenye magego makubwa husema ng'ombe, na mara nyingi huwa sahihi kwa bahati tu.

Tuseme umeshika nusu ya taya la chini. Kwa mnyama mzima, magego ni sita kwa wote wawili, kwa hiyo kuhesabu hakutakusaidia. Linganisha ukubwa. Kwa ng'ombe, matatu ya mbele ni madogo na sahili, la kwanza kabisa likiwa dogo mno, na matatu ya nyuma ni makubwa zaidi. Ukitazama kutoka juu, safu inanenepa kadiri inavyorudi nyuma. Kwa pundamilia, yote sita yanakaribia kulingana, kana kwamba yametoka kwenye kalibu moja. Hata kama magego yameng'oka yote, mashimo yake bado yanaonyesha tofauti hiyo, na kwa taya lililopigwa na mto hilo ndilo linalobaki.

Sasa uso wa kutafunia. Gego la ng'ombe lina hilali. Kila sehemu ya jino ina hilali za enameli zilizo wazi, na unaweza kuzifuata kwa ncha ya kijiti bila kupotea. Katika taya la chini migongo ya hilali inaelekea shavuni, katika taya la juu inaelekea ulimini, kwa hiyo hata jino moja lililong'oka litakuambia lilikaa juu au chini. Gego la mwisho la chini lina sehemu tatu badala ya mbili. Ukiliona hilo, umeshika mnyama anayecheua, na pundamilia ametoka kwenye orodha.

Gego la pundamilia halina hilali. Enameli yake ni utepe mmoja mwembamba unaojikunja, unaingia ndani, unatoka, unarudi. Gego la juu ni la karibu mraba, na katikati lina visiwa viwili vyenye kingo za kukunjamana. La chini ni jembamba na refu, na upande wa ulimi lina mikunjo miwili ya duara iliyokaa mgongo kwa mgongo, yenye mfinyo katikati. Mikunjo hiyo ikionekana, maliza ubishi.

Ukilitazama kwa ubavu, gego la pundamilia ambaye hajazeeka ni mche mrefu, laweza kupita sentimita 6, lililofunikwa saruji ya jino kuanzia juu hadi chini, na mizizi yake ni mifupi au haijatokea. Gego la ng'ombe nalo ni refu kiasi, lakini hupungua upana kuelekea chini na mizizi yake huonekana vizuri.

Mbele ya taya pana ushahidi mwingine. Ng'ombe hana meno ya mbele juu. Chini ana manane, kila moja lina kichwa kipana na bapa juu ya shingo nyembamba. Pundamilia anayo juu na chini, marefu, yaliyopinda, na jino ambalo halijalika sana lina kishimo cheusi kileleni. Halafu angalia kidevuni. Nusu mbili za taya la ng'ombe hazishikani kuwa mfupa mmoja kwa nguvu, ndiyo maana mtoni hupatikana zimeachana. Za pundamilia huungana mapema akiwa bado mdogo. Taya la mla nyasi ambalo pande zake mbili bado zimeungana imara kwa mbele halina sura ya ng'ombe, lichunguze upya.

Ukishakubali kwamba gego la juu ni la jamii ya pundamilia, bado kuna uchaguzi mmoja unaofaa kufanywa, kwa kuwa unaweza kubadili umri wa ulichoshika kwa miaka mingi sana. Upande wa ulimi wa gego la juu pana umbo dogo refu la enameli. Kwa pundamilia wa leo na punda, umbo hilo limeungana na sehemu nyingine ya jino kwa shingo nyembamba. Likiwa limejitenga kabisa, kisiwa peke yake, huyo si pundamilia. Ni farasi wa vidole vitatu wa kundi la Hipparion, walioingia Afrika takriban miaka milioni 10 iliyopita wakatoweka baadaye sana, enzi za Plaistosini (kati ya miaka milioni 2.6 na elfu 12 hivi iliyopita). Tahadhari ni kwa jino lililolika karibu na mizizi. Huko chini hata kisiwa huweza kuungana.

Ng'ombe, nyati, au kongoni?

Umeona hilali, kwa hiyo umeingia katika jamii ya wenye pembe. Usifurahi bado, jamii hiyo ni kubwa, kuanzia swala mdogo hadi nyati.

Ukubwa utapunguza orodha. Gego la mwisho la chini la ng'ombe huwa na urefu wa karibu sentimita 3.5 hadi 4, la mbuzi sentimita 2 na kidogo. Baada ya hapo tafuta nguzo. Kati ya sehemu mbili za gego la ng'ombe au nyati husimama kijinguzo chembamba cha enameli, upande wa shavu kwa magego ya chini na upande wa ulimi kwa ya juu. Jino likishalika vya kutosha, kijinguzo hicho huonekana kama kiduara kidogo kati ya hilali. Kongoni na nyumbu hawana. Kuro anacho, kwa hiyo nguzo peke yake haitoshi kusema ng'ombe, lakini kukosekana kwake kunatosha kukutoa kwa ng'ombe.

Lishike gego la kongoni karibu na dirisha ulizungushe. Ni refu na limebanwa, kuta zake ni laini, migongo ya hilali ni ya duara bila kona, na mwanga unateleza juu ya enameli kuanzia kileleni hadi chini bila kukwama popote. Fanya vivyo hivyo kwa gego la ng'ombe: enameli ina mikwaruzo, saruji imeganda kwenye mabonde, na kijinguzo kinakatiza njia ya kidole. Ukiyashika yote mawili kwa pamoja hata mara moja, hutahitaji maelezo yangu tena. Katika taya zima, kongoni na nyumbu wana dalili nyingine: magego ya mbele yamepungua sana, na kwa nyumbu lile la kwanza mara nyingi halipo kabisa.

Kundi hili la kongoni linastahili macho makali kwa sababu lina ndugu waliotoweka. Mmoja wao, Damaliscus hypsodon, mnyama mdogo mwenye magego marefu kupita kawaida, alipewa jina rasmi mwaka 2012 kutokana na visukuku vya Lainyamok, upande wa Magadi. Mabaki yake yamepatikana pia Lukenya, pale kando ya barabara ya Mombasa ukishapita Athi River. Kwa hiyo gego dogo, laini, refu ajabu, zito kama jiwe, lisitupwe kwa kudhaniwa ni la mbuzi.

Na kati ya ng'ombe na nyati? Kwa gego moja lililong'oka, mimi sichagui, na yeyote anayechagua kwa picha ya simu anabahatisha. Kinachoweza kusaidia ni umri wa tabaka la ardhi lilimotoka. Ng'ombe wa kufugwa walifika eneo la Ziwa Turkana zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, na kusini mwa Kenya baadaye. Gego kubwa lenye nguzo lililong'olewa na fundi kutoka kwenye tabaka gumu la miaka laki kadhaa haliwezi kuwa la ng'ombe. Likitoka kwenye changarawe huru, andika "ng'ombe au nyati" na uishie hapo.

Nguruwe na mtu

Hili ndilo linaloleta taharuki, na si Kenya tu. Mwaka 1922 Henry Fairfield Osborn, mkuu wa jumba la makumbusho ya viumbe asilia la New York, alipewa gego moja lililolika kutoka Nebraska, akalitangaza kuwa la kiumbe wa jamii ya sokwe na binadamu na kulipa jina Hesperopithecus. Kufikia 1927 ilikubalika kwamba lilikuwa la pekari, mnyama wa Marekani aliye ndugu wa nguruwe. Kama Osborn alinaswa, nawe kaa macho.

Sababu ni kwamba nguruwe na binadamu wote hula kila kitu, na magego yao yana vilima vya mviringo badala ya hilali. Tofauti iko hapa. Gego la binadamu lina vilima vinne au vitano vilivyotulia, na mabonde kati yao ni safi. La nguruwe lina vilima vikubwa vinne, na kati yake kuna vijilima vingine vidogo vingi, na kuta zake zina mifereji. Geuza utazame mizizi. Gego la chini la mtu lina mizizi miwili, la juu mitatu. La nguruwe huwa na minne au zaidi. Kisha gego la mwisho: la mtu halizidi yaliyotangulia, mara nyingi ni dogo kuliko yote, wakati la nguruwe limerefushwa kwa nyuma na linayapita mengine yote. Jino lililolika hadi vilima vyote vimekwisha ndilo hatari, na ndilo lililomponza Osborn. Kwa hilo itegemee mizizi.

Ukiona ni la mtu kweli, acha kuchimba, usilihamishe, na nenda kituo cha polisi. Huenda ni kaburi lililobomolewa na maji, huenda ni jambo jingine. Wa makumbusho watafuata baadaye.

Nguruwe wenyewe, nikiruhusiwa kuwapigia debe, ni miongoni mwa visukuku vyenye faida kubwa Afrika Mashariki. Gego la mwisho la ngiri halifanani na la nguruwe wa kufugwa hata kidogo: ni fungu la penseli lililosimamishwa wima, na kila penseli ikilika inaacha kiduara cha enameli. Jamaa zake waliotoweka, kina Metridiochoerus, Notochoerus na Kolpochoerus, walikuwa wakibadilika haraka. Kadiri miaka ilivyopita, gego hilo lilirefuka na kuinuka. Mtaalamu akipima gego moja anaweza kukisia umri wa tabaka. Hivyo ndivyo umri wa Koobi Fora, eneo la visukuku mashariki mwa Ziwa Turkana, ulivyorekebishwa. Tabaka la majivu ya volkano liitwalo KBS lilikuwa limepimwa kwa maabara na kupewa umri wa takriban miaka milioni 2.6. Nguruwe waliochunguzwa na mtaalamu wa visukuku Basil Cooke walifanana na wale wa bonde la Omo, Ethiopia, waliokuwa wachanga zaidi. Mabishano yalichukua miaka, na vipimo vipya vikaishia karibu milioni 1.9. Nguruwe ndio waliokuwa sahihi. Gego refu la vijiduara kutoka kwenye mchanga wa mto, basi, lisidharauliwe.

Nyani na mtu

Hapa ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Magego ya nyani yana vilima vinne vilivyounganishwa viwili viwili, yakawa matuta mawili yanayokatiza jino kwa upana, na bonde moja katikati. Mtu hana matuta hayo. Chonge za nyani dume ni ndefu, na jino la chini lililo nyuma yake limelala kimshazari ili kuinoa ya juu. Safu zake mbili za magego zinakwenda sambamba, za mtu zinapinda kwa upinde. Na kidevu kilichochomoza mbele ni cha binadamu wa leo peke yake.

Nyani mkubwa aliyetoweka, Theropithecus oswaldi, alikuwa mla nyasi, na magego yake ni marefu yenye enameli iliyokunjamana kupita ya nyani wa leo. Wengi wamefukuliwa Olorgesailie, kilomita 70 hivi kutoka jijini kwa barabara ya Magadi. Ukitaka kuona jinsi visukuku vinavyolala katika tabaka lake kabla mto haujavichezea, nenda pale.

Vipande vikubwa

Gego la ndovu mara nyingi haliokotwi zima. Limejengwa kwa mabamba yaliyosimama na kushikamanishwa kwa saruji, na la ndovu mchanga huachana, kwa hiyo unakuta bamba moja lililo bapa ambalo mafundi hulidhania jiwe. Likiwa zima, tazama juu. Mabamba yaliyolika yakifanya umbo la almasi, yamepanuka katikati, huyo ni wa jamii ya ndovu wetu wa leo. Yakiwa mistari iliyo karibu sambamba, fikiria Elephas recki, ambaye wengine sasa humwita Palaeoloxodon, na ambaye mifupa yake ipo Olorgesailie.

Kiboko naye ana magego ambayo yakilika hutoa ua la petali tatu, mawili yakitazamana. Hakuna mwingine mkubwa hapa mwenye hilo. Kipande cha pembe kikikusumbua kama ni cha ndovu au kiboko, tazama mahali palipokatika. Ya ndovu huonyesha mistari inayopishana na kukatizana kwa mshazari. Ya kiboko haina, na chonge yake ina mifereji ya urefu kwa nje.

Kifaru usimtafute kwa hilali wala utepe. Gego lake la juu lina ukuta mmoja mrefu upande wa shavu na matuta mawili yanayotoka humo kwenda ulimini, karibu na herufi pai ya hesabu za duara.

Walao nyama, kwa haraka

Hapa hesabu ndiyo inayoamua. Hesabu meno au mashimo yaliyo nyuma ya chonge, nusu moja ya taya la chini, kwa mnyama mzima:

| | Mbwa na bweha | Fisi | Simba na chui |
|---|---|---|---|
| Idadi nyuma ya chonge | 7 | 4 | 3 |
| Jino kubwa la kukatia | makali mbele, sehemu bapa ya kusagia nyuma | makali marefu, sehemu bapa ndogo | makali matupu |
| Nyuma ya jino hilo | magego madogo mawili | hakuna | hakuna |
| Mbele ya jino hilo | membamba | manene, ya kuvunjia mifupa | yamebanwa, yana ncha |

Mara nyingi ulichookota ni cha mbwa. Na jino la mviringo lenye ncha, tupu ndani kuanzia chini, lisilo na mzizi uliofunga, si la mamalia: ni mamba.

Kabla hujalitia mfukoni

Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale cha aina hii aiarifu Makumbusho ya Taifa ndani ya siku saba, aseme mahali hasa na jinsi kilivyopatikana, na kukikabidhi. Kwenda kufukua bila leseni ni kosa jingine. Nalo jino jipya la mnyama wa porini, iwe la ndovu, kiboko au chui, linaangukia Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013. Hilo ni la KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na kukaa nalo nyumbani ni kujitafutia kesi.

Makumbusho iko Museum Hill, na kando ya idara ya visukuku pana mkusanyiko wa mifupa ya wanyama wa sasa kwa ajili ya kulinganisha, jambo ambalo hakuna picha ya mtandaoni inayoweza kulifanya. Kama utatuma picha kwanza, piga nne: uso wa kutafunia kutoka juu kabisa, upande wa shavu, upande wa ulimi, na mizizi. Weka rula ndani ya picha, au sarafu ya shilingi ishirini. Usilipake vanishi, usiloweke kwenye siki wala sabuni ya unga. Suuza mchanga kwa maji, anika kivulini, funga kwa tishu. Muulize dereva wa lori alipakia mto gani na upande gani wa daraja, uandike siku hiyo hiyo kwenye karatasi inayokaa pamoja na jino, kwa sababu kesho dereva atakuwa amepakia kwingine na hatakumbuka.